Munganga wa Meno, Mimi, na Jino la Kijani la Mama Mukwe

Salamu kwenu, wakuu wa ukurasa huu wa wasomaji. Shule yangu iliishia kwa mapadri mwaka wa tano, basi musahihishe pale nitakapoteleza. Lakini haya ni kweli tupu. Mashahidi wako hapa Kasongo, na meno yao wanayo.

Mimi ni musaidizi wa munganga wa meno, Mubelgiji, pale lopitalo, yaani hospitali. Nachemsha koleo, nashika taa, na naota siku moja nitakuwa munganga mwenyewe. Muniachie ndoto yangu.

Munganga akitaka kutengeneza jino la bandia, anatoa ubao mudogo wenye meno ya mufano, rangi mbalimbali: nyeupe, manjano, hata kijani hafifu. Anasogeza moja karibu na kinywa cha mugonjwa, anauliza: "Inafanana?"

Wasaidizi walionitangulia walisema hapana. Akawafukuza. Wajeuri!

Mimi nilisema ndiyo. Tena kwa moyo safi! Maana, wakuu, macho yangu hayatengi nyekundu na kijani, na kijani hafifu naiona kama nyeupe. Nikitumwa kuchuma pilipili, naleta mbivu na mbichi pamoja. Sikujua kwamba munganga naye iko vilevile.

Tulipatana sana. Akasema hajapata mutu mweusi mwenye macho mazuri kama yangu.

Ndipo akaja Mama Zaina kutoka Wamaza, upande wa Kabambare, mama ya muchumba wangu Feza. Jino la mbele lilikuwa limeng'oka, hakutaka kusimama kwenye arusi yetu na pengo. Mimi ndiye niliyemwita, kwa majivuno mengi.

Sasa, kwetu mutu hamutazami mama mukwe usoni. Kinywani ndiyo usiseme! Nikashika taa, shingo nimeigeuzia ukuta. Naye kwa haya akafungua kinywa kidogo tu, kama anayepuliza uji.

"Inafanana?"

"Sana, munganga," nikaujibu ukuta.

Siku ya kupandwa jino nilimupa kioo. Akakipokea kwa mikono miwili, hakujitazama mbele yangu, akashukuru, akaenda. Heshima tupu, kila upande.

Kesho yake Feza aliingia uwanja wa lopitalo kama mvua.

"Weye! Umepanda majani ya sombe mu kinywa ya mama?"

"Jino iko muzuri, Feza."

"Iko kijani! Kule soko wanamuuliza kama anakula majani na mbuzi. Mujomba anasema umemuchezea mama kusudi. Anasema arusi hakuna!"

Nikamwambia habari ya macho yangu, yote. Akanitazama, akanitazama, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

"Na Muzungu?"

"Naye aliona inafanana."

"Ee Mungu. Basi muko wawili."

Lakini nani atamwambia munganga, anayefukuza kila anayesema hapana? Feza akajifunga kitambaa vizuri, akaingia, akainama.

"Munganga, jino iko muzuri sana. Lakini kwetu ni desturi: mbele ya arusi, binti ndiye anachagulia mama yake jino."

Wakuu, desturi hiyo ilikuwa haijatimiza hata dakika moja.

Muzungu alifurahi mno! Wanapenda desturi zetu, hawa. Akaketi, akamuuliza maswali mengi, akamuletea ubao mwenyewe. Feza akachagua jingine, na mama akapandwa upya.

Arusi tuliifanya Wamaza. Mama Zaina alicheka kinywa wazi, na mujomba ndiye aliyeongoza ngoma. Mimi nilitazama chini, kama ipasavyo.

Tangu hapo kila mugonjwa anakuja na binti, dada au jirani wa kumuchagulia. Hakuna anayefukuzwa. Munganga anawaeleza wageni wake jinsi watu wa Kabambare wanavyoliheshimu jino, nao wanatikisa vichwa.

Nililojifunza: watu wawili wakipatana haraka mno, mwite wa tatu.

Kama kati yenu iko mwenye macho kama yangu, aandike, asione haya. Na usiyejua kama uko hivyo, muulize muke wako. Usimuulize munganga wetu.