Starehe Niliyompa Neema

Wasomaji, leo nauza aibu yangu, na bei haipungui.

Nilipopewa usimamizi wa duka la udi na manukato hapa Matrah, Omani, kwa majaribio, nilijiapiza kuwa bosi mwenye ulimi mtamu. Neema, muuzaji mgeni kutoka Mwanza, alikuwa akiinuka kila nikipita. Nami nikimpungia mkono: "Starehe, Neema, starehe." Kwetu, Waomani wa Unguja, ndivyo asemavyo mtu akiinukiwa, yaani kaa, usijisumbue.

Neema hakukaa. Aliacha kiti, akaacha na chai, akawa anafuta vioo vilivyokwisha kufutwa. Nikajisifu kwamba upole wangu unazaa bidii. Nikamzidishia starehe asubuhi na jioni, bure, mimi nisiyempa mtu kitu bure.

Jana Bi Zuwena, mwenye duka, akaja kuamua kama nithibitishwe au nirudi kaunta. Nikamwita Neema kwa mbwembwe.

"Sema bila woga. Mimi nazungumza nawe vipi?"

"Bosi, unanisimanga," akasema, machozi yanamlenga. "Kila ukipita, starehe, starehe. Mimi nimekuja kazini, sijaja kustarehe. Siku hizi hata kukaa naogopa, na miguu imevimba."

Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja, alijifunika mtandio uso mzima, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Mwanangu," akamwambia alipopata pumzi, "huyu alikuwa anakwambia ukae."

Neema akanigeukia taratibu.

"Sasa si ungesema kaa?"