Gari la Mahari ya Kabula

Machibya hakuwa mjinga, na asije mtu akamsingizia ujinga. Siku aliyokwenda Mpanda kununua gari alivua koti lake la kanisani, akalitundika kwenye kioo cha pembeni, akalala chali kwenye vumbi la yadi ya Ponsian na kuanza kukagua uvungu wa gari kipande kwa kipande. Ponsian mwenyewe alisimama pembeni na funguo mkononi, anacheka kicheko cha mtu anayeogopa kupoteza mteja.

"Mzee wangu, hili limeshakaguliwa. Cheti si hiki hapa?"

"Cheti nimekiona," Machibya akamjibu kutoka chini. "Sasa nataka kuliona gari."

Ilikuwa Haisi nyeupe ya mizigo, haina viti nyuma. Ponsian aliuza magari yaliyokwisha kutumika ambayo mafundi wameyapitisha, kila moja na karatasi yake yenye muhuri: injini iko hivi, breki ziko vile. Wengi walitazama bei na muhuri, wakatoa pesa. Machibya alirudi pale siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza alikuja na fundi wake, Damiano, mtu asiyejuana na Ponsian. Siku ya pili alipakia magunia kumi ya mchele akalipeleka mlimani aone kama litakohoa. Siku ya tatu alilinganisha namba ya injini na ya chesisi na zile za kwenye kadi, tarakimu moja moja, kwa kidole. Kila kitu kilikuwa sawa. Akalipa taslimu, kadi ikaandikwa jina lake, akaondoka nalo.

Pesa aliyolipa ilitoka kwa ng'ombe ishirini na watatu, na ng'ombe hao walikuwa mahari ya binti yake, Kabula.

Lakini tumtendee haki kidogo, kidogo tu. Machibya alifika Usevya akiwa mtoto, anatembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake waliokuwa wanahama kutoka Usukumani. Ng'ombe wale waliisha kwa magonjwa na kwa kugawana, akaingia kwenye biashara ya mchele: ananunua mpunga kwa wakulima, anakoboa, anauza kwa wenye maduka Mpanda. Kwa miaka tisa alisafirisha kwa malori ya watu. Wenye malori wakamfanya watakavyo. Mwaka mmoja walimshushia magunia arobaini njiani ili wapakie mzigo wa tajiri, mvua ikanyesha juu yake hadi asubuhi, na alipofika Mpanda mchele ulikuwa unanuka. Siku hiyo alilia barabarani, mwanaume mzima. Tangu hapo hakuota kingine ila gari lake mwenyewe.

Basi Mzee Yotham wa Sibwesa, mwenye zizi lililojaa, alipotuma watu kumposea mwanawe Doto, Machibya alisikia ngurumo ya injini. Kabula alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimfuata baba yake jikoni wakiwa wawili tu, akamwambia kwamba Doto alishawahi kuishi na mwanamke, akampiga mpaka akakimbia.

"Maneno ya watu hayo, mayu," Machibya alimwambia. Mayu ni mama. Wasukuma huwaita hivyo hata binti zao, kwa mapenzi. "Watu hawapendi kuona mtoto wangu anaolewa kwenye mali."

Siku ng'ombe walipoletwa, Machibya na kaka yake mkubwa, Kija, waliwapitia mmoja mmoja. Walitazama meno, walishika kwato, walikamua kila chuchu. Wawili wakakataliwa, mmoja anachechemea na mwingine chuchu moja imeziba, na Mzee Yotham akaleta wengine bila kununa. Doto alikuwepo siku nzima, amekaa kwenye kigoda anakunywa soda. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kija ndiye aliyemwonya. Katika ukoo wao, ng'ombe wa mahari hukaa zizini mpaka binti azae na atulie kwa mumewe, kwa sababu ndoa ikivunjika kabla ya hapo wanarudi kwao, wao na ndama wao.

"Haitavunjika," Machibya akasema.

"Umeongea na Mungu?"

"Kaka, unanionea wivu."

Kija akaondoka, maana ukishaambiwa una wivu utasema nini tena? Kabla mwezi haujaisha ng'ombe wote walikuwa wamepita mnadani.

Na gari likapiga kazi, usipime! Kwa miezi kumi na minne halikulala njiani hata mara moja. Machibya akaezeka nyumba mabati mapya, akawalipia wadogo zake Kabula ada, akaanza kuitwa bosi na watu waliokuwa wanampita bila salamu. Nyuma ya gari akamwambia mchoraji aandike KABULA kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Alidhani ni shukrani.

Mwezi wa kumi na tano Kabula akarudi kutoka kwa Doto kwa bodaboda, mkono umefungwa kanga, meno mawili ya mbele hayapo. Mama yake, Nyanzala, alimpokea bila kupiga kelele, akampeleka zahanati, na huko wakawaambia mkono umevunjika sehemu mbili. Kosa lake? Alichelewa kufungulia ndama. Kabula alisema harudi. Hakulia wakati akisema. Alisema tu harudi, wakimrudisha atakufa kule, na alimtazama baba yake alipokuwa akilisema hilo.

Wiki moja baadaye Mzee Yotham akaja na wazee wenzake wawili, wapole kweli, wamekunywa uji, wameulizia mavuno.

"Sisi hatuna ugomvi na nyie," akasema. "Kama mtoto hataki, hataki. Turudishieni ng'ombe zetu ishirini na tatu, na ndama kumi na moja wa hesabu ya miezi hii. Tukimaliza hapo, tunabaki ndugu."

Walipoondoka, Nyanzala alisema maneno mawili: "Uza gari."

"Niuze? Limeshatembea, Nyanzala. Leo nikiliuza napata ng'ombe kumi na nne, nikibahatika sana kumi na tano. Hao wengine nawatoa wapi?"

"Ukoo utakuchangia."

"Ukoo!" Alikwishakwenda kwa Kija, na Kija alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba yeye mwenye wivu hana ng'ombe wa kumpa bosi.

Hapo Nyanzala akachemka. Miaka ishirini na tatu ya ndoa hakuwahi kumnyooshea mumewe kidole, siku hiyo akamnyooshea. "Gari ulilikagua siku tatu. Ng'ombe mkawakamua chuchu zote. Huyo Doto mlimkagua nini? Niambie, Machibya, mlimkagua nini?"

Machibya akapandisha sauti. Alifoka kwamba mabati yale ni gari, ada ni gari, hata chumvi anayotia kwenye mboga ni gari. Kabula alikuwa ndani anasikia. Akatoka, akapiga magoti, akasema atakwenda Mpanda kupika chakula auze, atalipa ng'ombe mmoja mmoja hata ikichukua miaka kumi. Baba yake akamwambia Mzee Yotham ametoa wiki mbili.

Wiki mbili zikaisha siku ya Alhamisi. Nyanzala alificha funguo kwenye debe la unga, lakini gari lile lilinunuliwa likiwa kamili, lina ufunguo wa pili. Machibya akampandisha Kabula mbele kumrudisha Sibwesa, akawasha. Na kwa kuwa hakutaka gari liende tupu, nyuma alipakia katoni za sabuni na mifuko ya chumvi ya mwenye duka mmoja wa Sibwesa. Ndiyo, alipata na mzigo wa kwenda.

Walipopita ndani ya hifadhi ya wanyama, mbung'o waliingia dirishani. Kabula hakuweza kupandisha kioo kwa mkono mbovu, kwa hiyo Machibya alisimamisha gari, akazunguka, akampandishia, akaua na mbung'o aliyemtua Kabula shingoni. Kisha akaendesha hadi Mpanda, akashika njia ya Karema mpaka Sibwesa, akashusha mzigo dukani kwanza.

Doto alitoka kuwapokea. "Shikamoo, baba." Sauti ya adabu kabisa. Alimtazama mkewe mara moja, akalizunguka gari, akasifu matairi. Halafu akasema ana magunia manane ya mahindi ya kwenda Mpanda, je, baba hawezi kumsaidia?

Machibya alijua neno analopaswa kusema juu ya ule mkono. Lilimfika kooni, wallahi lilimfika. Lakini gari lilikuwa tupu na njia ni ndefu, akasema yapakieni, akamtajia bei nafuu kwa kuwa ni mkwe. Doto akabeba magunia, na Kabula akashikilia mlango wa nyuma usijifunge, kwa mkono ule mzima.

Walipomaliza, Doto akaingia ndani kufuata pesa. Kabula akasogea dirishani kwa dereva.

"Baba," akasema polepole, "siku ukiliuza hili gari, nitumie ujumbe."

Machibya alimpenda binti yake, na hakutaka akae pale anangoja kitu ambacho hakiji. Akamjibu kwa upole.

"Haliuzwi, mayu."