Lebo ya Kijani

Pale ofisini jina lake la kuzaliwa halitumiki. Ni Dada Rangi, kuanzia getini mpaka kwa mpika chai. Jina alibandikwa na dereva wa ofisi, mtu ambaye mdomo wake haujui likizo, siku alipochungulia kompyuta ya huyu dada akakuta maandishi yamepakwa nyekundu, bluu, zambarau na njano kama kitenge kipya.

"Sasa wewe unafanya utafiti au unapaka kucha?"

"Napaka kucha za kompyuta," alijibu bila kugeuka. "Toka kwenye mwanga wangu."

Kazi yenyewe ni hii. Vijana wa kibarua wanapita mitaani na vinasa sauti, wanawauliza watu maisha yao, wanarudi na sauti. Dada Rangi anavaa visikizi kwenye chumba cha nyuma, chenye dirisha moja na feni inayolia kama ina kifua, anaandika neno kwa neno, hata kikohozi. Halafu anayasoma maandishi upya, na penye jambo anapachika lebo. Hapa mtu kaongelea umbali, hapa maumivu, hapa aibu. Kila lebo ina rangi yake. Mwishoni programu inahesabu lebo, na Daktari anaandika ripoti. Daktari huyu si wa sindano, ni wa vitabu, na ndiye mkuu wa ofisi.

Kabla ya hapo dada alikuwa anachapa barua za watu kwenye duka la steshenari. Barua za kuomba kazi, za talaka, za kumsihi mwenye nyumba. Huko ndiko alikojifunza kuchapa bila kutazama vidole, na kukaa na mambo ya watu tumboni bila kuyatema.

Zamani ofisi ilitumia programu ya kununua. Leseni ikaisha, mfadhili akanyamaza, programu ikajifunga na kazi zote ndani kama mtu aliyenuna. Ni Dada Rangi aliyeitafuta nyingine mtandaoni akaipata ya bure kabisa, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea na kuachwa wazi: yeyote aichukue, aifungue matumbo, airekebishe, ampe mwenzake. Aliipenda kama alivyopenda cherehani ya marehemu mama yake.

"Na ukikwama unamlilia nani?" dereva alimuuliza.

"Wana ukumbi wao mtandaoni. Unauliza, wanakujibu."

"Wanalipwa?"

"Wanajibu kwa mapenzi tu."

"Basi niulizie na mchumba."

Mwaka huo ukaja utafiti wa zahanati. Na zahanati yenyewe, wala si ya mbali, ilikuwa ile ya mtaani kwao. Huduma zake zilikuwa zimehamishiwa hospitali kubwa, ng'ambo ya pili ya mji, kwa majaribio. Halmashauri ilitaka kujua watu wanasemaje. Wakisema wanaumia, zahanati inafunguliwa. Wakisema wameridhika, inafungwa moja kwa moja.

Dada Rangi anaishi na baba yake, na baba ana kidonda cha mguu, kile cha wenye sukari, kisichotaka kupona wala kuacha. Zamani alikuwa anajikongoja na fimbo yake mpaka zahanati, anafungwa kidonda, anarudi chai yake haijapoa. Siku hizi akiulizwa anaendaje huko hospitali, anasema, "Nafika, mama, nafika," na kubadilisha maneno. Hivyo ndivyo anavyomwita binti yake, mama.

Mahojiano yalikuwa mengi. Dada aligundua kwamba ile programu ina njia ya mkato: unaandika neno, unabonyeza, nayo inalitafuta kwenye maandishi yote, hata yatakayoingia baadaye, na kulipachika lebo popote lilipo. Akajaribu na neno "shukuru", akalipa lebo ya shukrani, ya kijani. Kufumba na kufumbua, kurasa zikameta kijani juu mpaka chini. Alifurahi mpaka akamwita dereva aje aone.

"Kama shamba la mchicha," dereva alisema.

Kesho yake akaweka visikizi, akafungua sauti nyingine. Kabla mtu hajasema neno, kilisikika kikohozi, na mikono ya dada ikasimama juu ya vibonye. Kikohozi kile angekijua hata sokoni.

"Kwanza tunashukuru sana," ilisema sauti ya baba yake. "Tunashukuru halmashauri, tunashukuru na nyinyi wanangu kwa kuja na jua lote hili. Hospitali ni nzuri, ina vigae. Sasa mimi kufika huko, ndiyo shughuli. Jirani ana mkokoteni wa mkaa. Ananipakia. Juzi nilishuka mweusi, nesi akaniuliza, mzee, mzigo wenyewe uko wapi?"

Kijana aliyekuwa anahoji alicheka. Baba naye alicheka.

"Pale tunakaa tangu asubuhi. Kidonda kinanuka, mwanangu, siwezi kukuficha. Nakaa mwisho wa benchi, watu wasipate tabu. Siku nyingine nageuka narudi bila kufungwa. Binti yangu sijamwambia. Ana kazi ya kompyuta, ataacha kazi yake ahangaike na mimi."

Dada Rangi alivua visikizi, akatazama feni.

Sheria ya ofisi inajulikana. Ukikutana na ndugu yako kwenye sauti, unasema, na mahojiano yake yanatolewa, kwa sababu una upande. Alijua akifungua mdomo, maneno ya baba yatatupwa. Akaufunga. Akaweka visikizi tena, akayachapa yote, mkokoteni, benchi, harufu, kikohozi, kisha akayapaka rangi polepole: umbali, kungoja, maumivu, aibu, upweke, rangi juu ya rangi mpaka mistari ikalaliana. Na pale mwanzoni, kijani ilikuwa imeshajipaka yenyewe.

Daktari alipopita kuangalia alikunja uso.

"Lebo zote hizi za nini? Watu wa halmashauri hawana muda wa kusoma upinde wa mvua. Hizi za matatizo unganisha, iwe moja tu. Iite changamoto."

Bosi kasema. Dada akazichagua, akabonyeza. Programu ikauliza, una uhakika? Akabonyeza ndiyo, kama anavyobonyeza kila siku bila kusoma. Rangi tano zikageuka kijivu. Na kwa kuwa kwenye mistari ya baba zilikuwa zimelaliana, pale palipohesabiwa maumivu, na umbali, na aibu, sasa palihesabiwa kitu kimoja. Ikawa hivyo kwa baba, ikawa hivyo kwa kila aliyekuwa na mengi ya kusema.

Chati ilipotoka, mnara wa kijani ulikuwa mrefu, na wa kijivu umejikunyata pembeni. Daktari akafurahi.

"Unaona? Watu wameridhika."

"Daktari, ile kijani ni adabu tu," dada alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtu hawezi kulalamika kwa mgeni kabla hajashukuru. Mimi ndiye niliyeipachika kwa njia ya mkato. Niiondoe?"

"Uiondoe? Lebo kubwa kuliko zote? Watasema tumepika matokeo." Daktari alivua miwani. "Hivi wewe si unakaa upande ule? Una mtu wako kwenye mahojiano haya?"

Feni ililia. Akisema ndiyo, baba anatoka, na kila alichokipaka mkono wake kinatiliwa shaka. Akisema hapana, ana haki gani ya kubisha?

"Hapana, Daktari."

"Basi tuiache data iseme yenyewe."

Dada alirudi chumbani akatafuta pa kutendua. Kitufe kilikuwepo, lakini kimefifia, hakibonyezeki. Akaenda kwenye ukumbi wa wale wa kujitolea, akaandika kwa Kiingereza chake cha duka la steshenari. Mtu wa mbali, asiyejulikana kama ni kijana au mzee, alimjibu haraka na kwa upole. Pole sana, aliandika, kuunganisha lebo hakutenduliki. Lakini usiogope. Kila unapoifungua, programu inajitengenezea nakala ya akiba. Tafuta ya kabla hujaunganisha.

Akaenda kutafuta. Nakala zilikuwepo, na zote zilikuwa za kijivu. Programu huwa inatunza nakala chache za mwisho tu. Ikija mpya, ya zamani kabisa inasukumwa nje. Na yeye, tangu aunganishe, kwa wasiwasi wake, alikuwa ameifunga na kuifungua, ameifunga na kuifungua, kuangalia kama labda rangi zimerudi. Kila alipochungulia, alikuwa anaisukuma nje ile aliyokuwa anaitafuta.

Alimweleza yule mtu wa mbali. Akajibiwa: samahani sana, rafiki. Tumeliandika ombi lako, labda toleo lijalo. Ungemkasirikiaje mtu kama huyo?

Alianza kupaka upya, mahojiano baada ya mahojiano, kwa mkono. Alikuwa hajafika hata robo Daktari alipokuja na kompyuta yake na waya, akalinakili faili la kijivu, akaenda nalo halmashauri. Dereva ndiye aliyempeleka, na alirudi bila utani.

"Walipiga makofi," alisema. Akasimama mlangoni kama anatafuta la kuongeza. "Dada Rangi, kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nina mafua."

Haukupita muda, kibao cha zahanati kikang'olewa. Ndani wakaweka viti vibovu vya halmashauri.

Jumamosi mchana, dada aliketi kwenye kigoda mbele ya baba, na beseni la maji ya chumvi na vitambaa alivyovichemsha. Siku hizi ni yeye binti anayekifunga kidonda, jinsi anavyoweza, na hajui kama anafanya sawa. Harufu ilipanda. Baba aligeuza uso ukutani, dada akajifanya hakuona. Alijua habari za benchi, alijua habari za mkaa, na hakuwa na njia ya kusema anajua.

"Mguu unaendeleaje, baba?"

"Tunashukuru, mama."

Akashika kitambaa mkononi, hakukifunga. Alikuwa anangoja. Ameyasikia mamia ya watu kwenye visikizi, anajua kwamba baada ya neno hilo mtu huvuta pumzi, halafu ndiyo husema. Baba alivuta pumzi. Akatazama mlango, akatazama beseni.

"Na kazi yako?" aliuliza. "Ile ya kompyuta?"

Dada aliinamia mguu, akaanza kuzungusha kitambaa.

"Tunashukuru, baba."