Nafasi Iliyokuwa na Mwenyewe

Ornella Scarcia alirudi kwao Puglia, kusini mwa Italia, baada ya miaka minne ya utafiti Austria. Mizeituni ya baba yake, miti mia mbili na kumi, ilikuwa imekauka yote, na ugonjwa ulioiua ndio aliousomea mpaka akapata shahada ya uzamivu. Mimi nilikuwa fundi wa maabara katika chuo alichoomba kazi. Jina la chuo siliandiki, wenyewe wanajijua.

Mwezi Februari lilitoka tangazo: anatakiwa mtafiti wa magonjwa ya mizeituni, mwenye shahada ya uzamivu, mkataba wa miaka miwili. Mstari wa mwisho ulisema lazima ajue Kireno.

"Sabina," Ornella akaniuliza, "mizeituni yetu siku hizi inaumwa kwa Kireno?"

"Mama yake Tullio ni Mbrazili," nikamjibu.

Tullio alikuwa mwanafunzi wa Profesa Lopalco, na miaka sita alikuwa akimbebea mkoba. Ornella alitukana tusi ambalo bibi yangu angelikubali. Kisha akajifunza Kireno.

Usaili ulifanyika tarehe kumi na moja Juni, ukachukua dakika tano. Kireno hakuulizwa hata salamu. Lopalco, macho yakiwa kwenye simu, alimuuliza swali moja tu: "Una mpango wa kuzaa?"

Akapewa alama hamsini na tisa. Kufaulu ni sitini.

Ornella akadai nakala za kumbukumbu za usaili, maana ni haki yake. Karatasi ya alama ilikuwa na sahihi tatu za wasaili, na tarehe tisa Juni. Walimpa alama siku mbili kabla hajafungua kinywa!

Siku hiyohiyo aliingia na karatasi yake katika ukumbi ambamo Lopalco alikuwa akifundisha.

"Bi Scarcia, subiri nje. Nina kipindi."

"Nimesubiri vya kutosha, Profesa. Tarehe hii utaisoma wewe au niisome mimi?"

Akaisoma Ornella mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wanafunzi themanini.

"Umejifungia milango yote ya nchi hii," Lopalco akamwambia.

"Ulikwisha kuifunga wewe. Mimi nimekuja kuipiga teke."

Akashtaki. Lopalco akaniita pembeni. "Sabina, umebakiza miaka mitatu ustaafu. Chunga ulimi wako."

Ningeweza kunyamaza. Lakini ufunguo wa maabara na meza ya kazi Tullio alikabidhiwa mwezi Mei, na aliyemkabidhi ni mimi, kwa amri ya Lopalco. Nilimcheka Tullio kimoyomoyo siku ile, nikanyamaza, na kunyamaza kule kulinikera kuliko vitisho vya Lopalco. Nikaandika ushahidi, nikatia sahihi. Wiki iliyofuata nikahamishiwa stoo ya chini, kuhesabu chupa.

Mahakama ilifuta usaili ule na kuamuru urudiwe na wasaili kutoka mikoa mingine. Ornella akawa wa kwanza, Tullio wa nne. Tangu tangazo la kwanza ilikuwa imepita miezi kumi na minane.

Siku aliyoanza kazi, wenzetu walimjia na keki za krimu na tabasamu, walewale waliokuwa wakikata kona wakimwona.

"Hongera, Ornella!"

"Hongera ya nini?" akawauliza, bila kugusa keki. "Nafasi hii ni yangu, na mlijua. Mwaka na nusu miti imekufa mpaka baharini, nyie mmekaa kimya. Haya, nipisheni, nina kazi."

Wakampisha.