Benchi Lililopakwa Mawese

Shwaa, shwaa. Kimya kidogo. Shwaa tena, ndefu zaidi, kama mtu anayekwangua sufuria bila haraka. Nilikuwa bado nimelala, dirisha limezibwa kwa ubao, chumbani hamna hata uzi wa mwanga. Miaka ile ya vita tulikuwa tumejifunza kupanga sauti kabla ya kufumbua macho. Mlio ule uko mbali, milimani, geuka ubavu wa pili ulale. Huu uko karibu, teremka chini ya kitanda. Hii ni mashine ya kukamua mawese, basi asubuhi imefika salama. Lakini sauti hii haikuwa na mahali pake. Nikamtikisa dada yangu mkubwa. Akanijibu huku amefumba macho, "Lala, we. Ni Mama na mbao zake."

Nikatoka uani. Kulikuwa kunapambazuka, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilikuwa bado doa tu. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi, kitenge kimefungwa juu ya kifua, mkononi ameshika jani la msasa, lile jani kavu linalokwaruza kama ulimi wa paka. Karatasi ya kusugulia mbao haikupatikana dukani tangu nchi iwekewe vikwazo, kwa hiyo alirudi kwenye mti wenyewe ulioipa karatasi ile jina lake. Alisugua, akapuliza vumbi, akapitisha shavu lake juu ya ubao. Naam, shavu, si kiganja. Alisema viganja vya mwanamke anayelima vimeshakuwa vigumu, havisikii tena.

Lazima nieleze mbao zile zilitoka wapi. Zamani tulikaa karibu na Gitaza, kando ya barabara, katika nyumba ambayo baba yangu aliijenga na ambamo alifariki kwa maradhi, kabla risasi hazijaanza. Vita vilipofika tulikimbilia Rumonge, kusini zaidi kando ya ziwa, na vile tulivyoweza kubeba kichwani. Miezi mingi baadaye Mama akasikia kwamba huko kumetulia kidogo. Hakumuaga mtu. Alipanda mtumbwi wa wavuvi, kwa sababu barabara ilikuwa haiaminiki, akarudi siku ya pili akiwa ameketi juu ya mzigo wa mbao nyeusi kwa masizi, kama malkia aliyepinduliwa anayerudi na kiti chake vipande vipande. Bati lilikuwa limeibwa na paa limeungua. Yeye alikuwa amechambua majivu na kupata matendegu manne ya kitanda chao, mbavu mbili za kitanda kile kile, na mlango mmoja wa kabati, tundu la ufunguo likiwa bado na kibati chake cha shaba.

"Mama, umehatarisha roho kwa sababu ya kuni?" dada alimuuliza, akilia kwa hasira.

"Kuni ni zile nilizoziacha," Mama akajibu. "Wewe ulizaliwa juu ya hizi."

Dada alikuwa ameposwa na mwalimu wa shule ya Nyanza-Lac, kusini kwetu. Kwetu binti haendi kwa mumewe mikono mitupu. Huenda na vyombo vyake, na wakwe huvitazama vikishushwa, mmoja mmoja, wakijidai hawatazami. Sisi tulikuwa na sufuria mbili na mkeka. Mama alikuwa na msemo wake, sijausikia kwa mtu mwingine: mwanamke asiyekuja na kiti chake ataomba ruhusa ya kukaa mpaka azeeke. Ndiyo maana alitaka benchi. Na lilitakiwa liwe tayari Jumamosi, kwa sababu magari ya kwenda kusini hayakutoka kila siku. Yalisubiriana, yakaenda kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma, na mjomba wa bwana harusi alikuwa amepata nafasi ya gari lake Jumamosi hiyo. Nyingine ingekuja lini, hakuna aliyejua.

Jumatatu fundi aliliunga. Alikuwa jirani yetu, mtu wa Kivu ya Kusini aliyevuka ziwa na watoto wake akiukimbia moto wa kwao, akaukuta na wa kwetu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mitumbwi, na benchi alilitengeneza kama mtumbwi: viungo vimebanana hata maji yasingepita. Matendegu yakawa miguu, mbavu za kitanda zikawa mahali pa kukalia, mlango wa kabati ukawa egemeo. Tundu la ufunguo alikataa kuliziba. Kisha akamletea Mama nusu kopo ya rangi ya buluu, iliyobaki kwenye mitumbwi yake. "Hii tu ndiyo iko," akasema. "Mupake pole pole. Ikiisha, imeisha mpaka Mungu afungue njia."

Jumanne, basi, ndiyo siku niliyoamshwa na sauti ya msasa. Mama alisugua mpaka saa nne, akajifuta jasho, akaenda sokoni. Mimi nikabaki na benchi lile. Nilikuwa na miaka kumi na saba, shule imefungwa, na moyo umejaa upendo usio na kazi. Mbao zilikuwa laini lakini zimefifia, kijivujivu kwa vumbi. Nikafikiri: wakwe watasema nini? Na katika Rumonge, kitu kikififia, mkono unajua wenyewe unakokwenda. Tunapaka mawese kwenye ngozi ya mtoto, kwenye bawaba inayolia, kwenye mpini wa jembe, kwenye viatu vya kwendea harusini. Nikachovya kitambaa ndani ya chupa ya mawese, nikasugua benchi zima, miguu mpaka egemeo, kisha nikalipangusa lisiache wekundu. Mbao zikaamka. Ziling'aa kama paji la uso wa bibi harusi.

Mama aliporudi alilizunguka benchi. Akaita, "Wanangu, njooni muone! Msasa huu!" Akajitazama mikono. "Kumbe hii mikono bado inaweza."

Ningesema wakati ule. Lakini alikuwa anatabasamu, na ulikuwa mwaka ambao tabasamu lake sikulizoea. Nikauachia msasa sifa zote.

Jumatano tukapaka rangi. Mama alishika brashi, dada akashika kopo, mimi nikafukuza kuku. Alipaka kwa mivuto mirefu, akifuata mshipa wa mti, bila kudondosha hata tone. Mpaka leo, nikiandika sentensi ndefu, huwa nauona mkono ule ukienda hadi mwisho wa ubao kabla ya kuinuliwa.

Alhamisi asubuhi dada aliligusa benchi na kidole chake kikarudi cha buluu. Jua likapanda, rangi ikatoka vitone, ikajikusanya na kuteleza kama jasho. Kufika adhuhuri ilikuwa inashuka miguuni yenyewe. Mama akamwita fundi.

Fundi aliinama. Aligusa, akanusa kidole, akakiweka kwenye ncha ya ulimi. Kisha akaanza kucheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, amahoro, amani tu! Nani amekaanga hii benchi?"

"Kukaanga nini?"

"Iko na mawese mpaka ndani ya mifupa! Imebaki chumvi na pilipili, tuite watu wakule."

Mama hakucheka. Alinigeukia mimi tu, kwa sababu mama huwa anajua. Nikasema, "Nilitaka ing'ae." Sauti yangu ilikuwa ndogo sana.

Dada akaingilia. "Basi. Nitaenda bila benchi. Nitakaa kwenye mkeka, hata mitume walikaa kwenye mikeka."

"Mitume hawakuwa na mama mkwe," Mama akasema.

Fundi akacheka tena, na safari hii hata dada alishindwa kujizuia. Lakini Mama hakuwa nasi. Alikuwa analitazama kopo. Tulikuwa tumeitumia karibu rangi yote.

Yale yaliyofuata ninayaheshimu kuliko mambo mengi niliyofundishwa na watu wenye vyeti. Fundi aliuliza kama tuna sabuni, si ile ya dukani, ile ya hapa kwetu inayopikwa kwa mawese na maji ya majivu. "Mawese haiogope maji," akasema. "Inaogopa ndugu yake." Tukaikwangua rangi kwa migongo ya visu. Tukachemsha maji, tukayeyusha vipande vya sabuni humo, tukaongeza majivu ya jikoni, tukasugua kwa makumbi ya michikichi. Mara ya kwanza maji yakashuka mekundu. Mara ya pili yakashuka ya manjano. Mama alikuwa kando yangu, bega kwa bega, macho kwenye ubao. Mara ya tano, maji yalipotoka meupe, akanisukuma kidogo kwa kiwiko.

"Uliisugua vizuri, lakini," akasema. "Hata msasa wangu hauingii hivyo."

Sijawahi kusamehewa vizuri kuliko hapo.

Ijumaa jua lilitusaidia. Mbao zilikauka mapema, tukazipiga msasa upya, sisi watatu, kila mtu na upande wake, na uani kukawa na sauti tatu badala ya moja. Rangi iliyosalia chini ya kopo ilitosha miguu na ukingo wa mbele, basi. Fundi alipendekeza tupake miguu tu, kwa kuwa rangi nyembamba kwenye jua kali ingekauka, na pa kukalia paachwe wazi. Mama akatafakari. Akaenda ndani, akarudi na bonge la nta ya nyuki aliyopewa na mwanamke wa mlimani. Jioni, miguu ya buluu ilipokuwa imekauka, aliipasha nta mikononi mwake mwenyewe akaipaka kwenye ubao mtupu, kidogo kidogo, akisugua kwa kipande cha shati la baba. Mti ukaonekana kama ulivyo: mahali palipoungua pana kivuli cha kahawia, na mshipa wake unapita ndani ya kivuli bila kukatika.

"Ni vizuri hivyo," akasema. "Atakayekaa atakalia mbao ya baba yenu. Hatakalia rangi."

Jumamosi gari lilipiga honi mapema, kwa sababu msafara haumngoji mtu. Fundi na mjomba wa bwana harusi wakalibeba benchi. Mjomba yule, mtu mnene mwenye kofia, alilizunguka mara mbili kabla ya kulipakia. Akainama, akachungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Na ufunguo uko wapi?" akauliza.

"Mwambie mama mkwe autafute," fundi akamjibu. "Akiupata, tutamletea na kabati."

Dada alipitisha kidole kwenye mguu mmoja wa buluu, akakiangalia. Kilikuwa safi. Alinionyesha kidole kile kwa mbali, juu ya vichwa vya watu, kisha akarudi ndani kumuaga Mama, maana kwetu mama wa bibi harusi hafiki barabarani.

Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba. Hakumpa mawaidha marefu, ingawa najua aliyaandaa, nilimsikia akiyanong'ona jikoni. Alimrekebishia mtandio, akamshika mashavu.

"Ukifika, usisubiri kuambiwa," akasema. "Kaa."

Dada akaitikia kwa kichwa, akatoka. Mama akaushika mlango kwa mkono wake, ule wenye doa la buluu chini ya kucha, akausukuma taratibu mpaka ukafungika.