Nipunguze, Niwe Wengi

Mwezi uliopita nilishuka Kisumu kwa matanga ya shangazi yangu, na karibu na stendi nikaona kibanda kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MKATE MOTO. Lakini mvua ilikuwa imeifuta ile K. Kilichobaki ni MATE MOTO, na mwenye kibanda anauza bila habari. Nilicheka peke yangu mpaka mpita njia akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Ningemweleza nini?

Wewe uliyesoma miaka ile ya sabini labda ulichezeshwa mchezo huu wa herufi pia. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mwanamke mwembamba asiyekosa kitambaa cha kijani kichwani. Ijumaa, tukishafagia darasa, alisimama ubaoni akatutega: "Nikiwa mzima naogopwa mtoni. Nitoe herufi moja, nikunyonyeshe." Tukakuna vichwa. Mamba, toa b, mama! Darasa lililipuka. Simba akawa sima. Chaki yenyewe aliyoishika ikawa chai. "Neno ni kama samaki," alikuwa akituambia, "usilimeze kabla hujalichambua miiba."

Tuliishi hapo Kisumu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, baba akiwa karani pale stesheni. Jioni kulinukia makaa na omena, dagaa wa ziwa letu, wakikaangwa, na sisi watoto tulivibeba vitendawili vile kila mahali, kwenye foleni ya bomba, kwenye kuosha sufuria. Mama jirani, Mluhya mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, alitujibu huku akisonga ugali. Akikosea alisingizia moshi.

Mwaka mmoja baba alipata uhamisho wa kwenda Mombasa, tena kwa cheo kikubwa zaidi. Mama akaanza kufunga vikombe kwa magazeti. Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya mzaa baba, akaja kutoka kijijini Usenge kutuaga, na gunia la omena kichwani. Kuhusu safari yetu hakusema lolote. Alikaa tu kwenye kigoda nje ya jikoni, akiokota mawe kwenye maharagwe.

Jioni moja mama jirani alikuja kukaa nasi, kwa hiyo wote tukaacha Kijaluo tukaongea Kiswahili, hata Dani. Nikatega kitendawili kipya cha mwalimu:

"Nikiwa mzima niko mmoja. Nipunguze, niwe wengi."

Mama jirani alijaribu mpaka akachoka. "Wacha nishindwe. Ni nini?"

"Mwana! Ukitoa m, inakuwa wana."

Walicheka, mama akapiga makofi. Dani peke yake hakucheka. "Rudia hiyo, nyakwara," akasema. Ndivyo alivyotuita sisi wajukuu wake. Nikarudia polepole, nikimwonyesha kwa midomo pale m inapotoka. Mkono wake ukatulia ndani ya ungo wa maharagwe.

"Kwangu ilikuja kinyume," akasema. "Mimi nilikuwa na wana. Ikaongezwa hiyo m. Sasa niko na mwana."

Sote tulijua habari ya ndugu za baba: homa iliwachukua wakiwa wadogo, na yule mmoja aliyekua akawa mvuvi, ziwa likamchukua. Baba alikuwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Aliingia ndani, na chakula chake kikapoa mezani.

Asubuhi alivaa shati jeupe akaenda kumwona mkubwa wake. Aliporudi mchana alimkuta mama akikunja mapazia.

"Fungua vyombo," akamwambia. "Hatuendi."

"Na cheo?"

"Kitapata mwenyewe."

Mama alivifungua vikombe kimoja kimoja, akivipanga tena kabatini, na hakumtazama usoni mpaka jioni. Dani naye alikaa nasi wiki nzima zaidi, akicheka na mama jirani kama wasichana.

Mwalimu wetu ameshatangulia mbele ya haki, na Dani, na mama jirani. Nyumba zile wanaishi watu nisiowajua, na watoto niliowakuta bombani safari hii kila mmoja alikuwa ameinamia simu. Baba alistaafu akiwa karani vilevile. Sikuwahi kumsikia akijuta. Ila kila jioni, treni ilipopiga honi kuondoka, aliacha chochote alichoshika, akasikiliza mpaka mngurumo upotelee upande wa Kibos, kwenye njia ya kwenda Mombasa.