Uso wa Mama kwenye Karatasi ya Manila

Juzi mjukuu wangu alifika kutoka Nairobi na kijisanduku cha vijiti vyeusi, vimelazwa juu ya pamba kama dawa ya bei ghali. Mkaa wa kuchorea, akaniambia, umenunuliwa dukani. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Mkaa wa kununua, jamani, na wala si wa kuchoma mahindi! Kisha akaniuliza kama nina picha ya mama yangu, anataka kuichora. Niliinama nikaokota miwani. Yeye nilimwambia tu kwamba sina. Wewe nitakusimulia.

Nilikulia upande wa Kimulot, pale chai inapokaribia kukutana na msitu wa Mau. Miaka ile ya sabini mwanzoni mvua ilitupiga karibu kila alasiri, na mabati ya shule yalipiga kelele hata mwalimu wa hesabu akanyamaza na chaki mkononi. Basi mwalimu wetu wa sanaa, mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye koti lisilokauka, aliomba vipindi vyake vyote viwe alasiri. Kuchora hakuhitaji masikio. Aliweka kitu juu ya meza, birika au kikapu cha kuchumia chai, nasi tukachora huku mvua ikinguruma.

Mwanzoni tulimtesa. Akiweka kiti, sote tulichora miguu minne imejipanga mbele, kwa sababu kiti kina miguu minne, nani asiyejua? Alipita nyuma yetu akigonga dawati kwa kidole. "Chora kile unaona," alisema. "Wacha kile unajua."

Karatasi zilikuwa za ndani ya mifuko ya saruji. Kifutio kilikuwa kipande cha ugali baridi, na wenye njaa walikula upande uliobaki msafi. Mkaa kila mtu alitoka nao kwao. Wa wenzangu ulikwaruza karatasi kama msumari. Wangu ulikuwa laini, kwa sababu ulitoka kwa kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, na ulikuwa wa mti wa senetwet, ule tunaochoma ncha yake na kusugulia ndani ya kibuyu ili mursik, maziwa yetu ya mgando, yapate ladha. Kogo alinipa vijiti vyembamba huku akinung'unika kwamba shule inakula hata dawa ya vibuyu.

Likizo ilipofika mwalimu alitupa kazi ya kumchora mtu wa nyumbani, tena na tena. Nikamchagua mama. Alikuwa mchuma chai, na kila jioni aliketi mlangoni akichambua mboga. Kutulia alikuwa hajui. "Unaniangalia kama mtu anataka kununua ng'ombe," alilalamika, kisha akacheka, na lile pengo la meno ya chini likaonekana. Nilimpenda sana akicheka. Nilimchora likizo nzima.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu alizipanga zile picha sakafuni, ya kwanza mpaka ya mwisho, akachuchumaa. Alizipitia moja moja kwa kidole. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama yangu anakula. Nikamjibu anakula, ni uchovu wa chai tu. Akanionyesha mifupa ya shingo. Kwenye picha za kwanza haikuwepo. Za mwisho, mashavu yalikuwa yameingia ndani, na ni mkono wangu mwenyewe ulioyachora hivyo, mimi nisijue ninachokichora.

Jioni ile alitembea nami kwenye tope hadi kwetu akazungumza na baba. Baba alikasirika kwanza, mgeni anamwambia nini kuhusu mke wake. Halafu akamgeukia mama, akamtazama. Kesho yake wakaenda hospitali. Wakarudi na chupa ya dawa na maneno machache: tumechelewa.

Mwalimu alininunulia karatasi ya manila, nyeupe pe. Hakunieleza ni ya nini, wala sikuuliza. Safari hii mama alitulia, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kufanya lingine. Nilipoanza kuchora aliushika mkono wangu.

"Usinichore hivi," alisema. "Nichore vile unanijua."

Nikamchora vile ninavyomjua. Nilimrudishia mashavu, nikamrudishia shingo, nikamchekesha. Mwalimu alipoiona hakugonga dawati. Alitoka nje akasimama mvuani. Mama alizikwa kabla mvua hiyo ya masika haijakatika. Hakuwahi kupigwa picha ya kamera maishani mwake. Zile karatasi za saruji tulikuwa tumeshazifuta kwa ugali na kuchorea vitu vingine, maana karatasi zilikuwa haba. Uso wake wote ulibaki kwenye ile manila.

Mwaka uliofuata nikapelekwa shule ya bweni. Kogo aliniomba nimwachie picha, bwenini kuna wezi na panya. Akaiweka pale alipoweka kila kitu kisichotakiwa kuharibika: kwenye dari juu ya jiko, pamoja na vibuyu na mbegu za mahindi, moshi ukipita mchana kutwa. Ndivyo watu wetu walivyotunza vitu. Mahali moshi unapofika, mchwa hafiki.

Niliporudi Desemba aliiteremsha mwenyewe, akaifungua kwa mikono miwili. Karatasi ilikuwa imekuwa nyeusi kama boriti za dari. Mkaa na moshi vilikuwa kitu kimoja. Niliipeleka mlangoni, nikaiinamisha huku na huku kwenye mwanga, nikitafuta hata jicho moja. Hapakuwa na mtu.

Macho ya kogo yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Alisimama kando yangu, amejaa furaha.

"Ona vile nimekutunzia mama yako. Hakuna mdudu ameguza. Si anaonekana vizuri?"

"Anaonekana, kogo," nikasema.

Kila likizo aliiteremsha, na kila likizo nilimwambia anaonekana. Nililia shambani, katikati ya michai, asinisikie. Alipofariki, baba zangu wadogo walibomoa nyumba yake ya nyasi wakajenga ya mabati. Siku hizi hapajengwi dari za moshi, na senetwet yenyewe naiona kando ya barabara tu, haina mwenyewe.

Sasa nimezeeka kumpita mama. Siku nyingine najaribu kumchora. Mkono unaanza vizuri kwenye paji la uso, unateremka mpaka mashavuni, halafu unasimama. Pengo nakumbuka lilikuwa wapi. Mdomo wenyewe siukumbuki tena.